Sindano ya Pampu ya Raphaeli

Jua lilikuwa linazama Mang'ola, na Piusi alikuwa shambani kwa jambo moja tu: kumwagilia vitunguu kabla havijafa. Siku ya nne hiyo pampu inamgomea. Alivuta kamba ya pampu mpaka bega likaomba talaka. Pampu ikakohoa. Ikanyamaza. Petroli ikaanza kudondoka chini ya kabureta.

Tii... tii... tii...

Ugonjwa aliujua. Sindano ya kabureta, ile inayoziba mafuta bakuli likijaa, ilikuwa imelika. Petroli inafurika, plagi inalowa, injini haiwaki ng'o. Fundi wa Karatu alisema spea itakuja wiki ijayo. Vitunguu havikuwa na wiki.

Ng'ambo ya mfereji, pampu ya Bernadina ilinguruma. Aina ile ile, tena kuukuu, tangi limefungwa kwa katani! Mjane wa miezi mitatu, mikono kama vijiti, na kila jioni pampu yake inawaka kwa mvuto mmoja tu. Vitunguu vyake vimenona kama mashavu ya diwani. Wivu ulimpanda Piusi mpaka masikio yakamwasha.

Bernadina alipozima na kushika njia ya nyumbani, Piusi alivuka. Akafunga koki, akafungua bakuli, akachomoa sindano.

Injini ilikuwa bado ya moto. Sindano ilikuwa barafu.

"Jirani..."

Bernadina alikuwa amesimama nyuma yake.

"Shikamoo!" Piusi aliropoka, ingawa yeye ndiye aliyemzidi umri. "Nilikuwa naangalia tu."

"Ungeomba," Bernadina akanong'ona. "Mimi sijawahi kuvuta hiyo kamba. Anavuta Raphaeli."

"Marehemu mumeo?"

"Chukua. Nimechoka naye. Ila sasa atalala kwako."

Piusi akacheka, kicheko cha mtu aliyebanwa na haja. Bernadina hakucheka.

Piusi aliporudi ng'ambo na kuifunga sindano kwenye pampu yake, petroli haikudondoka tena. Akanyoosha mkono ashike kamba.

Kamba ikajivuta.

Injini ikawaka. Piusi alitaka kukimbia, lakini maji yalikuwa yanaingia kwenye matuta, na vitunguu ni vitunguu. Akamwagilia shamba zima. Kisha akazima, akalala palepale kwenye kibanda cha shamba kuilinda pampu, maana sasa alijua watu wanavyoiba.

Alfajiri mkewe, Marsela, akaja na uji. Amejifunga khanga mpya, anatabasamu.

"Baba Angela, kumbe bado umo! Miaka mingapi hujanikumbatia vile?"

"Lini?"

"Jana usiku, si uliporudi? Kimya kimya, mikono ya baridi, unanuka petroli. Nikakwambia ukaoge, ukakataa."

Piusi alikaa chini taratibu.

"Marsela... mimi sijatoka hapa."

"Wewe na utani wako!" Akacheka. Kisha akaangalia nyasi zilizolaliwa kibandani, viatu vya mumewe mlangoni. Kicheko kikakatika.

Nje, kamba ikavutika. Pampu ikawaka.

Marsela akageuza shingo kuelekea mlio ule, polepole, kama mtu aliyeitwa kwa jina.

Piusi alijua wanapaswa kukimbia. Lakini swali lililomkaa kooni lilikuwa jingine kabisa.

"Alikukumbatiaje?"