Kura ya Marehemu

Walikutana kwenye foleni ya fundi simu, mchana ambao ungedhani mji mzima umeangusha simu zake kwa pamoja. Dada alikuwa fundi cherehani, gauni la bluu limemkaa vizuri, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Mkononi ana simu ya kiume yenye kioo kilichopasuka.

"Tengeneza kioo tu," alimwambia fundi. "Ukifuta hata ujumbe mmoja, nakuapia, tutauana hapahapa."

Nyuma yake kijana mmoja, mkutubi, akacheka. "Dada, mwonee huruma, ana watoto."

"Nani kakuita wewe?"

"Sijaitwa. Nimejileta."

Dada akacheka bila kupenda, na jamani, mambo ndiyo yalianzia hapo. Simu zikawa asubuhi na mchana.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimeshiba sauti yako."

"Toka hapa na uongo wako wa maktaba!"

Dada alimwambia kwamba alikuwa na mchumba, akafariki mwaka uliopita. Hakutaja ni nani, na mkutubi, mstaarabu kupita kiasi, hakuuliza. Lakini mara nyingine dada alikatisha maneno akageukia mlangoni, kama mtu aliyesikia hodi. Mkutubi naye akageuka. Hapakuwa na mtu.

Sasa, mkutubi huyu alikuwa na kazi nyingine isiyo na mshahara. Alikuwa mhariri wa kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuiandikia. Huko walikuwa wakibishana na kupiga kura wiki ya tatu juu ya rapa mmoja aliyekufa: jina lake la jukwaani liwe Radi, kama magazeti yalivyoandika siku zote, au RADI, kwa herufi kubwa tupu? Mkutubi alisimama na magazeti. Upande wa pili kulikuwa na king'ang'anizi mmoja tu, na akaunti yake ilikuwa ya rapa mwenyewe.

"Jina ni langu," iliandika. "Niandikeni kwa herufi kubwa. Nataka nionekane."

Wahariri wenzake walicheka. Mkutubi nywele zilimsimama, maana akaunti ile ilikuwa kimya tangu mazishi. Lakini sheria ni sheria. Ijumaa mchana akaifunga, kisha akampigia kipenzi chake kwa furaha.

"Malaika wangu, leo nimemkomesha mhuni mmoja. Anaiba akaunti ya Radi apigie kura! Nimemwandikia: marehemu hapigi kura."

Cherehani iliyokuwa ikinguruma ikanyamaza.

"Haloo? Umenisikia?"

"Nimekusikia. Usinipigie tena."

Siku nne simu haikupokelewa. Siku ya tano alishindwa kuvumilia, akaenda dukani kwake, shati limepigwa pasi upande mmoja. Alimkuta macho yamevimba. Mezani palikuwa na ile simu ya kiume, na koti jeusi. Mgongoni mwa koti zilikuwa zimeshonwa herufi nne za utepe ule unaong'aa ukimulikwa na taa za magari: RADI. Mkutubi akazigusa.

"Kumbe ni wewe."

"Ni mimi. Hii ni simu ya mchumba wangu, na akaunti yake ilikuwa bado imefunguliwa humu."

"Ungeniambia, mpenzi. Ningejitoa kwenye ubishi. Kama mwenyewe alitaka herufi kubwa..."

"Hakutaka!" Alipiga meza, pini zikatawanyika. "Hakutaka hata kidogo. Ni mimi niliyezishona. Alisema ni makelele, jina lake liwe kama la mtu yeyote. Tukagombana. Akalitupa koti hapa, akapanda pikipiki jioni ile na fulana nyeusi. Dereva wa lori alisema hakumwona. Unanisikia? Hakumwona."

 Mkutubi alimshika mkono tu, ukiwa wa baridi.

"Kila nikiziandika zile herufi," dada alisema, "nahisi namvisha koti."

Alilia mpaka wateja wawili wakachungulia na kurudi zao. Kisha akajifuta kwa kipande cha bitana.

"Acheni iwe Radi. Ndivyo alivyotaka. Nimemsemea uongo mwezi mzima, na hana njia ya kunikatalia."

"Ngoja nami niseme langu, unaweza kulikataa. Nataka kukuoa."

"Nami nakutaka, usijifanye hujui. Lakini tazama vizuri kabla hujajitumbukiza. Huyu hajaondoka. Tutakuwa watatu ndani ya nyumba."

"Nimekulia chumba kimoja na ndugu zangu saba. Watatu kwangu ni wachache."

"Na nitakuwa namtaja."

"Mtaje."

Akamtaja, kwa jina lake la nyumbani, ambalo mkutubi hakuwahi kulisoma popote.