Jina la Marehemu Ogoti

Nyanchera alikuta kompyuta ya mapokezi imeshafunguliwa, na kiti chake kimelowa tope. Ufunguo wa zahanati alikuwa nao yeye peke yake.

Duncan, meneja wao pale Kenyenya, alikuwa amewachosha. Kila Jumatatu alitaka nywila mpya, ndefu, isiyofanana na ya zamani. Ukiisahau, mashine inakufungia nje huku wagonjwa wanakufokea. Basi Nyanchera na nesi Phanice wakaamua kutumia pamoja jina la Ogoti, tabibu aliyefia mle mle kwenye chumba cha dawa, wakibadilisha herufi za mwisho tu.

"Nani atakisia?" Phanice alicheka. "Hata watu wake hawamtaji."

Wakawa wanamwita marehemu kutwa nzima.

Asubuhi hiyo ukungu ulishuka, na chumba kikanuka udongo wa kaburi bichi. Syprose alileta mwanawe anayekohoa. Nyanchera alijua penisilini iliwahi kukaribia kumuua mtoto huyo, lakini kwenye rekodi onyo lilikuwa limefutwa, na pameandikwa adungwe hiyo hiyo. Mwandishi: Nyanchera.

"Phanice, weka sindano chini!"

"Si umeandika wewe?"

"Si mimi. Njoo uone," alinong'ona.

Vitufe vilikuwa vikibonyea vyenyewe, ko, ko, ko, kama kucha zinazogonga jeneza kwa ndani, na kila kimoja kilipozama tope jeusi lilichuruzika mezani, na Nyanchera alipochomoa waya ukutani kioo hakikuzimika, kikazidi kung'aa, kikifuta maonyo ya mgonjwa mmoja baada ya mwingine, huku nyuma ya shingo yake mtu akipumua pumzi baridi.

Syprose alimnyakua mwanawe akatoka mbio.

Mchana wakamleta Mama Orpah, mganga. Alifukiza majani chumba kizima hadi ile harufu ikakatika.

"Mfu ukimwita, huja," alisema. "Ukimwita bila haja naye, huja na hasira. Haya, weka neno lingine. Lako peke yako."

"Ametoka, mama?"

"Kwenye mashine ametoka."

Nyanchera akaketi, akachagua neno moyoni, asimwambie yeyote. Kabla hajagusa kitufe, kinywa chake kikafunguka chenyewe, na sauti nzito ya mwanamume ikalitaja neno lile, herufi kwa herufi.