Baba Aliyevishwa Gauni

Jumamosi nyumbani kwetu huanza kwa ufagio. Mama akishafungua cherehani yake barazani, kila mtu anajua kazi yake: kaka anateka maji, mimi nafagia na kuosha vyombo, na baba anatafuta miwani ambayo ameipandisha kichwani mwenyewe. Nikimaliza najifuta mikono, nachukua mkoba wangu wa karatasi za kuchorea, nakimbilia darasa la katuni.

"Mpisheni, msanii anapita," kaka hunitania.

Mimi huinua shingo. Nilipenda kuitwa hivyo, hata kwa utani.

Darasa letu lilikuwa chumba cha nyuma cha maktaba. Tulikuwa wanafunzi wanane, na mwalimu wetu alikuwa mama mmoja mwembamba ambaye kwa miaka mingi alichora katuni za watoto za televisheni. Alitufundisha kwamba katuni yenyewe haitembei hata hatua moja. Unachora mguu ukiwa chini, karatasi ya pili umeinuka kidogo, ya tatu kidogo zaidi, na kila karatasi unaiandika namba pembeni. Kisha zote zinapigwa picha, picha zinapitishwa haraka, na jicho linadhani limeona mtu akitembea. Sekunde moja tu inakula michoro kumi na miwili.

Kila mmoja alikuwa na sanduku la mbao lenye kioo juu na taa ndani. Ukiweka karatasi mpya juu ya ile ya zamani, taa inakuonyesha mistari ya chini, nawe unajua mguu usogee wapi. Chombo kizuri hicho, kwa mtu mwaminifu.

"Chagueni mtu mmoja mnayemjua," mwalimu alituambia siku moja. "Sitaki sura nzuri, nataka mwendo wake. Michoro arobaini na minane, wiki tatu. Sitatazama kazi ya mtu mpaka siku ya mwisho. Atakayewashinda wenzake nitamchukua kazini kwangu likizo yote, nimfundishe kutia rangi na sauti."

Nilifika nyumbani nikatangaza kwamba nafasi hiyo ni yangu. Sikusema "huenda", wala "Mungu akipenda".

"Usikate kanzu mtoto hajazaliwa," mama aliniambia bila kuinua macho kwenye mshono wake.

Nilimchagua shangazi yangu, dada yake baba, kwa sababu anatembea kwa maringo. Wiki nzima ya kwanza nilichora karatasi moja. Nilimtia hereni, nikamvisha gauni lenye maua, nikampa na kikapu. Ilipendeza kwelikweli. Tatizo ni kwamba yale maua ilibidi kuyachora tena karatasi ya pili, na ya tatu, na ya nne. Nilichoka. Wiki ya tatu ilipokuwa inaisha, nilikuwa na karatasi tisa.

Aliyekaa karibu nami alikuwa binti tuliyemwita Kobe kwa sababu ya kuchelewa kwake. Alikuwa akichora mstari, anaufuta, anasimama, anapiga hatua mbili tatu pale chumbani, kisha anarudi kuchora mstari uleule.

"Kobe, utafika mwaka gani?" tulimuuliza.

"Nitafika," alijibu, akaendelea na kazi yake.

Ufunguo wa darasa nilikuwa nao mimi. Mwalimu alinikabidhi kwa kuwa tunaishi jirani na maktaba, na kila Ijumaa baada ya shule nilikwenda kufagia. Ijumaa ile ya mwisho niliingia, nikaweka ufagio pembeni, nikafungua kabati na kutoa jalada la Kobe. Nilijiambia kwamba nataka kutazama tu. Nilizipitisha karatasi kwa kidole gumba, harakaharaka, na mwanamume akaanza kutembea mkononi mwangu. Mguu wake wa kulia ulichelewa kidogo, bega la kushoto likashuka, na kabla ya kila hatua mkono ulishika paja. Alikuwa hai.

Nikisema sikujua nilichokuwa nafanya nitakuwa naongopa tena, na uongo nimeshautumia wa kutosha. Niliweka karatasi yake ya kwanza juu ya kioo, yangu juu yake, nikawasha taa. Nikafuatisha kila mstari. Suruali nikaigeuza gauni la maua machache, kichwani nikamfunga kitambaa, mkononi kikapu. Kwenye karatasi za mwisho Kobe alikuwa amekosea, au ndivyo nilivyodhani: mkono ulikuwa umeacha kushika paja. Nikamsahihishia. Saa kumi na moja jioni kazi ilikuwa imekwisha, na jalada lake nikalirudisha mahali pake.

Kesho yake mwalimu alianza na mimi. Alizipiga picha karatasi zangu moja moja, akazima taa ya chumba, na yule mwanamke akatembea ukutani na kikapu chake. Mwalimu alisogeza kiti mbele.

"Huyu ana uzito," alisema. "Anaikanyaga ardhi kweli."

Nilivimba kichwa. Ndipo mdogo wake Kobe, mtoto wa miaka mitano ambaye dada yake huja naye kila Jumamosi, akaonyesha kidole ukutani.

"Dada, mbona baba amevaa gauni?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mvulana mmoja aliinuka akaanza kuchechemea huku na huku, ameshika paja, na wengine wakashika mbavu. Kobe peke yake hakucheka.

"Kaa chini," mwalimu alimwambia yule mvulana. Kisha akanigeukia. "Ni nani huyu uliyemchora?"

"Shangazi yangu," nilisema. "Aliumia mguu."

Uongo huo sikuutafuta. Ulikuwa tayari mdomoni. Mwalimu alitikisa kichwa kwa huruma, akamwita Kobe alete kazi yake. Kobe alinitazama mara moja tu, akalifunga jalada lake.

"Sikumaliza, mwalimu," alisema. Alimshika mdogo wake mkono, wakatoka.

Kwa hiyo nafasi nilipewa mimi. Nyumbani mama alinisifu, na baba akawaeleza majirani wote mpaka wakamkimbia. Mimi niliona aibu nikiwa naoga, nikiwa darasani, nikisikia tu mtu akitaja neno "msanii". Kila nilipofumba macho nilimwona Kobe akifunga lile jalada. Jumamosi iliyofuata hakuja darasani.

Siku nne baadaye mama aliniita barazani. Alikuwa anapunguza sketi ya mwalimu wetu.

"Mwalimu wako amepita hapa," alisema. "Amenipa pole kwa mguu wa wifi yangu. Nikashangaa, maana wifi yangu juzi amepanda ngazi zote za hospitali kwenda kumwona mgonjwa, na akaniringia kwamba hakupumzika hata mara moja. Hebu niambie, huo mguu ameumia lini?"

Nililia, nikamweleza yote, tangu ufunguo mpaka kicheko. Mama aliacha kushona.

"Kwa hiyo umemvunja mguu shangazi yako," alisema, "ukamvisha baba wa watu gauni, ukampora mwenzako kazi yake. Yote hayo upate kusifiwa."

Kaka alitaka kucheka, akamwona mama usoni, akakimeza kicheko chake.

"Mama, twende wote kwao," nilimwomba.

"Siendi. Wakati wa kusema uongo hukuniita."

Baba yake Kobe ni seremala, na karakana yake iko ubavuni mwa nyumba. Aliponiona aliweka randa chini, akanijia. Mguu wa kulia ulichelewa, bega la kushoto likashuka. Niliuchora mwendo ule mara arobaini na nane na sikuwa nimeutazama hata mara moja.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Umekuja kumwona mwenzio? Afadhali. Hataki hata kusikia habari za kuchora, na mimi nikimuuliza hanijibu."

Kobe alitokea mlangoni. Nilisema mbele yao wote wawili, nikitazama vumbi la mbao miguuni pangu kwa sababu usoni sikuweza kuwatazama.

"Baba alianguka kutoka darini," Kobe alisema nilipomaliza. "Alilala miezi minne. Alipoanza kutembea alikuwa anashika ukuta, na mimi ndiye niliyemhesabia hatua. Ndivyo nilivyoujua mwendo wake. Nyinyi mkacheka. Ningeonyesha zangu, mngejua ni yeye mnayemcheka."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Baba yake alijipangusa mikono kwa kitambaa.

"Hata mimi sijui ninavyotembea," alisema. "Mtu hajioni. Lakini binti yangu alichekewa mbele ya watu, kwa hiyo haya uliyoyasema hapa uyaseme huko pia."

Jumamosi nilisimama mbele ya darasa. Ufunguo niliuweka juu ya meza ya mwalimu. Nilianza vizuri, sauti ikanikatika katikati, nikaendelea hivyohivyo mpaka kwenye ule mkono niliousahihisha. Hakuna aliyenisaidia, wala sikustahili. Yule mvulana aliyechechemea aliinamisha kichwa. Kobe alikuwa amerudi kwenye kiti chake. Mama yangu na baba yake Kobe walikuwa wamekaa nyuma, seremala amevaa shati lililopigwa pasi vizuri.

Mwalimu hakunigombeza. Alizichukua karatasi za Kobe, akazipiga picha, akazima taa. Ukutani alitembea seremala, bila gauni wala kikapu. Hakuna aliyecheka. Alishika paja, akapiga hatua, akashika tena. Karibu na mwisho mkono wake ulishuka kama unataka kushika, ukasita, ukarudi ulikotoka. Mguu ukaenda wenyewe.

Pale ndipo mimi nilipomsahihishia.

"Samahani, mwalimu," baba yake Kobe alisema. "Rudisha hapo."

Mwalimu akarudisha. Baba akatazama tena, kisha akaomba mara ya tatu.

"Niliacha lini kulishika paja?" alimuuliza binti yake.

"Mwezi uliopita," Kobe alisema. "Si kila mara. Wewe hukujua."

Mzee wa watu alijifunika macho kwa kiganja. Mwalimu aliwasha taa polepole, akaja kusimama mbele yangu.

"Umeona?" aliniambia. "Mwenzako ameona jambo ambalo hata mwenye mguu hakuliona. Wewe ulikuwa nalo juu ya kioo, taa inawaka, ukaliita kosa. Anayeiba kazi ya mwenzake anamdhulumu, hilo kila mtu analijua. Lakini na mwizi mwenyewe habaki na kitu, kwa sababu hakujifunza kutazama. Hapa tunachora tulichokiona kwa macho yetu, kizuri au kibaya, kichache au kingi. Ukija na karatasi tisa za kweli, nitakufundisha. Ukija na arobaini na nane za wizi, sina la kukufundisha."

Nafasi ya likizo alipewa Kobe, na ufunguo akapewa mwingine. Mimi niliambiwa nianze upya, karatasi namba moja.

Kabla ya kutoka nilimfuata Kobe. "Nisamehe," nilisema.

Alifikiri kidogo. "Nitakusamehe," alisema. "Lakini si leo."

Njiani nilimlalamikia mama kwamba nimesema kweli mbele ya watu wote, nimeaibika, na bado mwenzangu hataki kunisamehe.

"Ulimchukulia kazi ya wiki tatu kwa alasiri moja," mama alisema. "Mpe naye wiki zake. Kusema kweli ulikuwa unalipa deni, hukumpa zawadi."

Alisema sawa. Kuanzia siku ile nilikuwa namfuata shangazi sokoni, natazama miguu yake mpaka akaniuliza kama viatu vyake vina kasoro. Nilichora, nikafuta, nikasimama kupiga hatua chumbani, na walionicheka niliwaacha wacheke. Kobe alikaa palepale karibu nami, haniambii neno.

Wiki ya nne aliinamia karatasi yangu, akaitazama kwa muda mrefu.

"Hakuna mtu anayeinua visigino vyote viwili kwa pamoja, labda akiruka," alisema. "Nenda ukamtazame tena."

Nilichukua kifutio, nikafuta.