Mbuzi wa Faini

Jumapili ile kijiji chetu cha Akheri kilikuwa na furaha. Watoto walikuwa wamepata kipaimara asubuhi, na mchana kutwa watu walikula na kuimba nyumbani kwa jirani. Anyesi alikuwa jikoni akipakua ndizi nyama. Mume wake, Yoeli, alikuwa ameponyoka kwenye sherehe, lakini mkewe hakuuliza, kwa kuwa alijua alikokwenda.

Alikuwa mferejini, akiiba maji. Ndugu zangu, msijifanye kushangaa. Kiangazi kikikaza, nani kati yetu hajawahi kuyageuzia maji shambani kwake siku isiyo zamu yake? Adhabu tunaijua: mbuzi mmoja, aliwe na wanamfereji wote, na mwizi akae pale akitazamwa. Yoeli hakuwa peke yake. Alikuwa na Aminieli, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa mfereji, yuleyule aliyepanga hizo zamu.

Saa hizohizo mzee Gadiel alikatwa mapanga kwenye migomba yake, akafa. Gadiel na Yoeli walikuwa wakigombania mpaka wa mashamba yao kwa muda mrefu, na Yoeli alionekana akirudi ana matope miguuni na panga mkononi. Kijiji hakikutaka kusikia zaidi.

Mahakamani Yoeli alisema alikuwa na nani. Aminieli akaitwa, akashika Biblia.

"Siku hiyo nilikuwa nimelala na homa," alisema. "Huyu sikumwona."

Majirani wakafuata, mmoja mmoja, wakaeleza matope na panga. Hakuna aliyesema kwamba panga lile halikuwa na damu. Hilo hawakuulizwa, nao hawakujisumbua. Yoeli akahukumiwa kunyongwa hadi kufa.

Anyesi alikwenda kwa Aminieli.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Karibu kiti."

"Sitakaa. Rufaa inakuja, baba. Nenda kaseme."

Aminieli alitazama chini. "Mama, mimi ni mzee wa kanisa. Nitasimamaje mbele ya watu niitwe mwizi wa maji?"

"Mume wangu wanataka kumnyonga."

"Siku hizi hawanyongi, wanawaweka tu. Tumwombe Mungu, atafungua njia."

Kweli, hawakumnyonga. Rufaa ilitupwa, akawekwa gerezani pamoja na wengine wanaongoja kamba. Anyesi alipokwenda kumwona, Yoeli alimwambia kwamba kila asubuhi mlango wa chuma ukilia, wote hunyamaza wakisikiliza nyayo zinaishia kwa nani. Mtu akiishi hivyo miaka, kamba ya nini tena? Mwisho kifua kikammaliza.

Mwili uliletwa Akheri. Kaburini, kabla mchungaji hajamaliza sala, Aminieli alipiga magoti kwenye udongo.

"Alikuwa na mimi mferejini," alisema. "Tangu chakula cha kipaimara kianze mpaka tuliporudi."

Kisha, mnajua kijiji kilifanya nini? Kamati ya mfereji ilikaa, ikamtoza Aminieli mbuzi. Mbuzi akachinjwa, akaliwa, na wale mashahidi wa matope walikula pia. Anyesi akapelekewa fungu lake, kwa sababu naye ni mwanamfereji.

Aliifunua sahani mbele ya waliomletea.

"Kumbe ni mbuzi tu," alisema. "Si mngeniambia. Mimi nilikuwa nao wawili."

Akawarudishia sahani yao.

MAFUNZO

Aliyemuua Gadiel hajulikani mpaka leo, na huenda naye alikula ile nyama. Tujifunze kwamba aibu ya mtu mzima isilindwe kwa uhai wa mwenzake. Anayejua jambo aliseme mapema, hata kama litamvua cheo, na shahidi aseme yote aliyoyaona, si yale tu yanayokipendeza kijiji. Tena mahakama hukosea, kwa kuwa hukumu yake hujengwa kwa maneno yetu, na maneno yetu mnayajua. Ndiyo maana adhabu ya kifo haifai. Aliyefungwa bure anaweza kufunguliwa na kuombwa radhi. Yoeli tulimwomba radhi akiwa ndani ya jeneza, na hakutujibu.