Droni Juu ya Bafu

Kila alasiri akitoka shule, Pilipili alifua sare yake uani, kisha akaoga katika bafu lao la mabati lisilo na paa. Jina la Pilipili alipewa na shangazi yake kwa sababu ya hasira zake za karibu. Na safari hii alikuwa na haki ya kukasirika. Kwa siku tatu mfululizo droni yenye kamera ilikuja kuelea juu ya bafu lao. Mtu na akili zake timamu anachungulia watoto wa watu wakioga! Haya hana?

Shangazi alikuwa mlinzi kwenye mitambo ya maji ya mji. Kazini walitumia kifaa cha kuvuruga mawimbi, ambacho huikatia droni mawasiliano na anayeirusha. Siku ya nne alikileta nyumbani aushone mkanda wake uliokatika, akatoka kwenda kununua uzi.

"Usikiguse," alionya. "Hakiwashwi bila kibali."

Droni ilipofika, Pilipili alikigusa. Alikielekeza juu, akabonyeza. Droni ilisita, ikayumba, kisha ikageuka kurudi ilikorushwa, kama droni zifanyavyo zikikatiwa mawasiliano, na kutua juu ya paa la ghorofa moja la njano pale mtaani.

"Kwenda zako!" alifoka. Akakiacha kifaa kikiwaka, isije ikarudi, akaingia kuoga kwa raha zake.

Hata hajamaliza kujisuuza sabuni, alisikia makelele. Alivaa haraka, akachungulia getini. Mkunga, jirani yao, alikuwa barabarani, simu mkononi.

"Nina mzazi anavuja damu humo ndani! Nataka gari la wagonjwa, na mtandao hakuna!"

Watu walimgeukia fundi wa simu, ambaye asubuhi alikuwa juu ya mnara wa simu. Mwenye bucha alimkamata ukosi.

"Umeuharibu wewe!"

"Jamani, mimi nimebadilisha taa tu!"

Pilipili alikikumbuka kile kifaa alichokiacha kikiwaka. Alikimbia ndani akakizima kifaa, akitumaini mambo yataisha kimyakimya. Papo hapo simu zikaanza kulia. Mkunga alipiga, akajibiwa kwamba gari linakuja.

"Mnaona!" alinguruma mwenye bucha. "Amebanwa, ndiyo kaurudisha! Mpigeni!"

Pilipili alihisi hasira kubwa kuliko ile ya droni, na safari hii alijikasirikia mwenyewe. Alijipenyeza katikati ya watu, nywele zikichuruzika maji.

"Mwacheni! Mtandao nimeukata mimi, kwa kifaa cha shangazi!"

Mwenye bucha aliachia ukosi. Gari la wagonjwa lilifika na kumchukua mzazi.

Shangazi alirudi akakuta hadithi imeshatapakaa mtaa mzima. Alimtuma mwanamke mmoja awaite polisi waende ghorofa la njano, kisha akamkalisha Pilipili uani. Jioni mkunga alipopiga simu kusema mama na mtoto wako salama, shangazi alimgeukia.

"Hasira yako kwa yule mchunguliaji ni ya haki kabisa. Hata mimi ninayo. Lakini mawimbi hayachagui. Ukimzibia mbaya wako, umemzibia na mkunga. Ndiyo maana kinahitaji kibali. Nami nilikosea kukileta nyumbani, na kesho nitamwambia mkuu wangu hivyo hivyo."

"Watakufukuza, shangazi?"

"Sijui. Ila wewe ulisema kweli mbele ya watu waliokunja ngumi. Mimi nitashindwaje mbele ya mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti?"