Taulo la wa Mwisho

Gobnait alishuka njia ya gatini akiwa na chupa ya chai kwapani na mkate wa zabibu ndani ya mfuko, kama alivyoshuka jioni nyingi kabla ya ile. Giza la Novemba lilikuwa linaingia upesi. Bahari ilikuwa shwari. Shwari mno kwa Novemba, ukiniuliza mimi.

Kwenye ukuta wa mawe alimkuta Festy, mvuvi mzee aliyeshaacha kazi, kakaa na mbwa wake. Festy hajui kuogelea. Wavuvi wa rika lake pale kijijini Portnacarn hawakujifunza. Walisema kuogelea ni kuchelewesha kifo tu.

"Bado mnaingia humo?" aliuliza.

"Tunaingia. Kwani bahari imefungwa?"

"Cheka tu. Mlichukua kisicho chenu, Gobnait."

Wiki chache nyuma wimbi lilimzoa Neasa, mjukuu wa Gobnait, pale miambani alipokuwa anaokota konokono wa baharini. Mama yake Neasa yuko Boston. Binti huyu kalelewa na bibi yake tangu hajajua kutembea. Gobnait alijitosa na nguo zake zote, akamkamata nywele, akamtoa. Kijiji kilimpigia makofi. Wazee wawili watatu walinyamaza. Kwa imani yao, bahari ikishamshika mtu, huyo ni wake, na ukimpokonya itatuma wa kumfuata.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," Festy alisema.

"Langu lilishavunjika, mzee wangu. Nyonga hii ni ya chuma. Hiyo bahari yako ikiwa na neno, isimsumbue mtoto. Ije kwangu. Nyumba yangu inajulikana, ile yenye mlango mwekundu."

Festy hakucheka. Mbwa wake alisimama, akatazama gatini, akafyata mkia.

Kundi lao lilijiita Mabata Bukini, kwa sababu walikuwa na kelele na wengi wao viuno vilishapanuka. Jioni hiyo walikuwapo Dessie, aliyekuwa na bucha mjini kabla hajastaafu, na Concepta, mkunga aliyezalisha nusu ya kijiji. Neasa alikuwa ameshavaa kofia yake ya kuogelea. Ilikuwa mara yake ya kwanza kurudi majini, na alikuwa bado hajavua koti.

"Mwanangu, ukiogopa leo utaogopa milele," bibi yake alimwambia. "Twende."

Mabata walikuwa na sheria mbili tu. Ya kwanza, mgeni haulizwi jina wala habari zake. Watu huja baharini na misiba yao, watasema wakitaka. Ya pili ni ya taulo. Anayetoka mara tu kabla ya wa mwisho husimama kwenye ngazi, kashika taulo wazi, mpaka wa mwisho atoke. Hakuna anayegusa chai kabla ya hapo. Gobnait ndiye aliyeiweka sheria hiyo, mwaka ule mumewe alipozama na asipatikane. Hakutaka mtu yeyote tena atoke majini akute hakuna anayemngoja.

Walipiga kelele za baridi, wakatukanana kwa mapenzi, wakaanza kutoka mmoja mmoja. Neasa alitoka akicheka. Gobnait alitaka kulia kwa furaha.

"Bado mmoja," Dessie alisema.

Wote waligeuka.

Kulikuwa na msichana majini.

Hakuna aliyemwona akiingia. Kichwa na mabega yake vilikuwa juu ya maji, nywele zimelala, macho kwao. Hakuwa anapiga mikono wala miguu. Kwenye baridi ile kila mtu alikuwa anatoa mvuke mdomoni. Yeye hakutoa.

"Huyu naye kavaa sweta!" Dessie alinong'ona. "Sweta ya sufu baharini. Na mimi ndiye mnaniita mwehu."

"Mgeni haulizwi," Concepta alimkumbusha.

Neasa ndiye aliyetoka kabla ya huyo wa mwisho. Akachukua taulo, akasimama kwenye ngazi ya juu, akalifungua. Wengine waligeuka kukata mkate, na Gobnait, kama mwenyeji mwema, alimwagia mgeni chai kwenye kikombe cha ziada, akakiweka juu ya ukuta.

Walipogeuka tena, majini hapakuwa na mtu. Taulo mikononi mwa Neasa lilikuwa limelowa chapachapa.

"Kaenda wapi?"

"Sijui," Neasa alisema polepole. "Alikuwa hapa."

Kikombe kilikuwa kitupu. Chini kilikuwa na chumvi. Na hewa yote pale gatini ilinuka sufu mbichi, kama sweta iliyolowa ikakaa miaka bila kuanikwa.

Wangeacha kwenda, ungesema. Watu wenye akili wangeacha. Lakini Mabata walikuwa wabishi, na isitoshe walijiambia ni binti mwenye huzuni zake tu. Jioni iliyofuata alikuja tena. Na iliyofuata. Daima ndani ya maji kabla ya wote. Daima wa mwisho.

Na daima Neasa ndiye aliyeshika taulo. Alihakikisha hivyo, alikawia majini mpaka wenzake wote watoke. Gobnait alianza kuona jambo. Kila jioni binti alikuwa anasimama ngazi moja chini zaidi. Kwanza miguu ilikuwa mikavu. Halafu maji yakawa ya vifundo. Halafu ya magoti.

Usiku mezani alimshika mkono. Ulikuwa baridi hata mbele ya moto.

"Mbona unashuka vile, mama?"

"Hafiki, bibi. Ananyoosha mkono na hafiki."

"Anakwambia nini?"

Neasa aliinamisha uso.

"Anasema hawezi kutoka mpaka mtu aingie. Anasema pale ni pangu."

Kesho yake asubuhi Gobnait alimvamia Festy nyumbani kwake bila hata kubisha hodi.

"Msichana mwenye sweta. Ni nani?"

Mzee alikaa kitako. Alichukua muda mrefu kujaza kiko chake, na hakukiwasha.

"Baibín," alisema hatimaye. "Alikuwa anakusanya mwani, akateleza. Enzi za babu zetu. Mitumbwi ilikuwa hapo hapo, Gobnait. Urefu wa kasia. Alikuwa anawaita kwa majina yao."

"Wakafanya nini?"

"Wakayaingiza makasia ndani."

Gobnait alivuta kiti, akakaa mbele yake.

"Ndivyo walivyoamini. Ukimtoa, itakuchukua wewe au mwanao. Babu yangu alikuwemo." Akamtazama. "Na wako alikuwemo."

Hasira iliyompanda Gobnait haikuwa ya kawaida. Alimkumbuka babu yake, mtu mpole, aliyekuwa analia kila akisikia upepo, na watoto wakidhani ni pombe.

"Kwa hiyo miaka yote hii mtoto yumo majini anangoja mtu aingie ili yeye atoke, kisa wanaume wazima waliogopa maji?"

"Mzuie Neasa asishuke. Mfungie ndani."

"Nimfungie mpaka lini? Na yule wa kule nani atamfungulia?" Akasimama. "Ni mmoja wetu sasa. Kanywa chai yetu."

"Mwanamke, una wazimu."

"Ninao. Umechelewa kujua."

Jioni ya bamvua ilikuja na ukungu. Bahari ilijaa mpaka karibu na ukingo wa gati, na haikuwa na wimbi hata moja. Hakuna ndege aliyelia. Gobnait alikuwa amewaambia Dessie na Concepta kila kitu, na hakuna aliyemcheka. Alikuwa amemfungia Neasa mlango kwa ufunguo, si kwa woga, ni ili apate nafasi ya kutangulia.

Walipofika, Neasa alikuwa ameshafika, katokea dirishani.

Alikuwa ndani ya maji ya kifua, nguo za nyumbani mwilini, taulo kalinyanyua kwa mikono miwili. Mbele yake, kwenye ukungu, palikuwa na kile kichwa. Mkono ulikuwa umenyooshwa. Mweupe. Ngozi ya vidole ilikuwa imekunjamana.

Harufu ya sufu ilijaa gati zima.

"Neasa!"

Hakugeuka.

Maji yakapanda mpaka shingoni mwake, ingawa hakupiga hatua.

Dessie aliung'oa mlango wa kibanda cha mitumbwi, akatoka na kasia. Gobnait alilipokea, akaanza kushuka ngazi na koti lake, na nyonga yake ya chuma, na viatu. Baridi ilimpiga kifuani akatukana kwa sauti, tusi ambalo padri wa Portnacarn hajawahi kulisikia.

"Concepta, shika koti langu! Dessie, mshike Concepta! Asiachie mtu!"

Wakaungana, mkono kwa mkono, Dessie kaikumbatia reli ya ngazi. Gobnait alimfikia mjukuu wake, akampitisha nyuma kwa Concepta kama mtu anayepitisha mzigo. Kisha hakurudi.

Akasonga mbele.

"Gobnait, tumempata! Toka!" Dessie alipiga kelele.

"Bado mmoja."

Akanyoosha kasia juu ya maji, mpaka likagusa vile vidole.

"Shika, Baibín."

Yale macho yalimtazama. Mdomo ulifunguka, na maji yakatoka kabla ya sauti.

"Nikitoka mimi... nani atabaki?"

"Hakuna."

"Lazima abaki mmoja."

"Nani kasema?"

Msichana alitazama chini, kule kwenye giza lililokuwa chini ya miguu yake. Kitu huko chini kilisogea. Gobnait hakukiona, alikisikia kwenye mifupa, kama lori zito linapopita nje ya nyumba. Kikamshika miguu. Kikavuta.

Aliogopa. Tusidanganyane, aliogopa mpaka akajikojolea. Lakini kasia hakulirudisha.

"Babu yangu alikuogopa wewe," alisema, meno yakigongana. "Mimi sikuogopi, na huyo wa chini namwambia hivi. Kundi hili haliachi mtu majini. Shika, mwanangu. Chai inapoa."

Vidole vikafunga.

"Vuteni!"

Wakavuta. Concepta, ambaye miaka yote alikuwa anawaambia wanawake wasukume, safari hii alivuta huku akilia. Neasa naye alikuwa ameshika, amezinduka, anapiga kelele. Kasia lilikuwa zito kama limefungwa jiwe la nanga. Bahari ilivuta. Nao wakavuta. Nyama ya mikono ya Gobnait ilichanika kwenye mti wa kasia, na hakuachia.

Kisha uzito ukatoka wote mara moja, wakaangukiana kwenye ngazi.

Neasa ndiye aliyekuwa na taulo. Alilitupa juu ya kile walichokitoa, akakikumbatia, akakisugua mgongo kama wanavyosuguliwa wote wanaotoka.

"Umefika," alikuwa anasema. "Umefika, dada, umefika."

Dessie alileta kurunzi. Ndani ya taulo mlikuwa na sweta ya sufu ya kitoto, imejaa mchanga, na mafundo mawili ya mwani ndani ya mikono yake. Kumbe hakuwa msichana mkubwa. Sweta ile isingemtosha mtoto wa darasa la tatu.

Waliizika makaburini. Padri alisita, akauliza anazika nini hasa. "Zika tu, padri," Gobnait alimwambia, "au niachie koleo." Festy alikuja na kofia mkononi. Alisimama mbali, akalia bila kujificha, labda kwa niaba ya wanaume wote wale. Sijui. Hakusema, na mimi sikutaka kumsemea.

Hadithi ingeishia hapo, kama bahari ingekuwa mtu wa kukubali kushindwa.

Nyumba ya mlango mwekundu iko juu mlimani. Wimbi halijawahi kufika huko, hata mwaka wa dhoruba iliyobomoa kanisa. Jioni ya mazishi Gobnait alikuta kidimbwi mlangoni. Akaonja kwa kidole. Chumvi. Akachukua fagio, akayafagia maji yale yakarudi njiani.

"Nilisema uje kwangu, umekuja. Haya. Umeniona. Sasa nenda."

Jioni iliyofuata yalipita chini ya mlango. Iliyofuata yalifika ukumbini, maji membamba, yanatambaa kufuata mstari wa sakafu, hayaendi jikoni wala sebuleni. Yanakwenda chumbani kwa Neasa.

"Bibi, mimi niende Boston," Neasa alinong'ona.

"Boston nako kuna bahari. Utakaa hapa kwenu."

Alipiga simu mbili tu. Kabla jua halijazama Dessie alikuwa kafika na kasia begani, Concepta na mkate, kila mmoja na chupa yake ya chai. Hata Festy alikuja. Mbwa wake alikataa kuvuka kizingiti. Wakapanga viti ukumbini, kutoka mlango wa mbele hadi mlango wa Neasa, wakakaa. Gobnait alikaa wa mbele kabisa, kasia mapajani, taulo kavu kalilaza kizingitini.

Nje upepo ulikata.

Kitu kikagonga. Chini kabisa ya mlango, pale ambapo hakuna mtu anayegonga.

"Hodi haiitikiwi," Gobnait alisema. "Sema shida yako."

Mpini wa mlango ulianza kushuka. Taulo lilianza kubadilika rangi, kutoka pembeni kuja katikati. Festy alifunga macho. Neasa alitoka chumbani, akavuta kiti, akakaa karibu na bibi yake, akalishika kasia upande wa pili.

"Tuko wengi humu," Gobnait aliuambia mlango. "Na hakuna wa ziada."

Wakangoja. Hakuna aliyegusa chai.

Mpini ulipanda tena, polepole. Wakasikia maji yakishuka ngazi za nje, moja baada ya nyingine, yanaburura kitu ambacho hakuna aliyetaka kukijua.

"Yatarudi kesho," Festy alisema.

"Na yarudi," Gobnait alijibu. Akaliokota taulo, akalikamua kwa nguvu zake zote kwenye ndoo, akalianika mbele ya moto likauke kwa ajili ya kesho.