Alfajiri Kumi na Mbili Zilizopotea

Siku hiyo mjinga alikuwa Darubini mwenyewe, na heri tuliseme mapema lisije likatukwama kooni. Saa moja na nusu asubuhi aliingia chumba cha maonyesho cha taasisi ya hali ya hewa, akawasha projekta, akaiachia filamu ya mpwa wake icheze huku yeye amekodolea macho saa yake ya mkononi, kisha akaandika kwenye daftari: "Filamu ni nzima. Sekunde 24." Akatia sahihi yenye mkia mrefu. Miaka kumi na tisa ya ufundi mitambo ilikuwa imemfundisha kupima kila filamu kwa muda wake. Kuitazama, hilo aliwaachia wenye nafasi.

Saa mbili kamili mpwa wake, ambaye ofisi nzima ilimwita Mtakwimu, aliitazama.

"Mjomba, moshi wangu uko wapi?"

"Moshi gani? Nimeipima mwenyewe. Sekunde ishirini na nne."

"Sijakuuliza sekunde. Nimeuliza moshi."

Filamu ile ilionyesha moshi wa matanuri ya matofali ulivyotembea juu ya mji kwa siku kumi na mbili. Kila saa moja ilikuwa na picha yake moja, picha ishirini na nne kwa siku, jumla mia mbili themanini na nane, zikipita kumi na mbili kila sekunde. Saa nne asubuhi ile kamati ya ujenzi ingeketi kuamua bweni la watoto lijengwe wapi: bondeni, palipo tambarare na rahisi, au kilimani, penye mawe. Vipimo vya Mtakwimu vilisema kila alfajiri moshi hushuka na kulala bondeni kama mgeni asiyejua kuaga. Lakini kwenye filamu iliyokuwa ukutani, bonde lilikuwa safi kama sahani ya maonyesho.

Akazihesabu. Zilikuwa mia mbili hamsini na mbili, nazo zimepewa nambari upya, moja baada ya nyingine, bila pengo.

"Zimetolewa thelathini na sita," alisema. "Tatu kila siku. Saa kumi, kumi na moja na kumi na mbili za alfajiri. Nikizichora upya, kila moja inakula dakika tano."

Darubini akapiga hesabu kwa vidole. Saa tatu nzima. Kamati ingekuwa imeshapiga kura na kwenda zake.

"Basi tumtafute mwizi," alisema. "Ni rahisi kuliko kuchora."

Mwizi wa kwanza alimpata haraka mno. Mama Usafi alikuwa kwenye korido na ndoo yake, anakohoa.

"Mama, saa kumi na mbili na nusu ulikuwa chumba hiki peke yako."

"Nilikuwa na ndoo. Tulikuwa wawili."

"Waya wa kompyuta umechomolewa na kurudishwa. Nani aliuchomoa?"

"Mimi. Ufagio wa umeme nao unakula umeme, jina lake linasema."

"Umekiri mbele ya mashahidi," Darubini akatamka, kwa sauti ya kusikika mpaka ghorofa ya juu. Milango mitatu ikafunguka.

"Mjomba," Mtakwimu akamvuta mkono, "kuchomoa waya hakuchagui alfajiri na kuacha mchana."

Mama Usafi akaweka ndoo chini. "Mimi nimetoka mazoezini bondeni na wenzangu thelathini, nikaja hapa moja kwa moja. Muulize Msimulizi, ndiye anayetuongoza. Mwaka wa pili huu. Anasema hewa ya alfajiri kule chini ni dawa." Akakohoa tena. "Samahani yako naisubiri, lakini si sasa. Nina ngazi za kufuta."

Milango mitatu ikafungwa, mmoja kwa kicheko.

Saa mbili na dakika ishirini alikuwa mbele ya Mchoraji, kijana wa rangi, aliyegombana na Mtakwimu wiki nzima kwa sababu ya kijivu cha moshi.

"Ulisema filamu ile inatia huzuni."

"Nilisema, na narudia. Ningetaka kuiharibu ningeanza na rangi. Kutoa picha ni kazi ya mtu asiye na macho." Mchoraji akaisogelea kompyuta, akasoma mpangilio wa filamu, akakunja uso. "Na hii ni nini? Kumi na nusu?"

"Kumi na nusu nini?"

"Mwendo. Picha kumi na nusu kwa sekunde. Mimi natumia kumi na mbili, au ishirini na nne. Hiyo nusu anaitaka nani?"

Darubini alivua miwani yake mizito, iliyompa lakabu, akaifuta kwa shati. Picha mia mbili hamsini na mbili kwa mwendo wa kawaida zingekwisha kwa sekunde ishirini na moja. Mtu alikuwa amekaa, akagawa, akaivuta filamu taratibu mpaka ikajaza zile ishirini na nne.

"Mwizi wa kawaida anachukua na kukimbia," alimwambia mpwa wake. "Huyu alichukua, kisha akabaki kutandika kitanda. Zile sekunde tatu zina faida kwa nani?"

Mtakwimu alifikiri. "Filamu haina kitu kingine isipokuwa picha na sauti."

Hapo ndipo Darubini alipokumbuka jambo ambalo angependa kulisahau. Jana yake saa kumi jioni alitoa ufunguo wa chumba hiki kwa mkono wake mwenyewe, kwa mtu aliyemwambia kwamba taasisi ingekuwa yatima bila fundi kama yeye. Maneno matamu yalimlewesha hata kwenye daftari la funguo hakuandika.

Saa tatu kasorobo Msimulizi aliitwa. Alikuja na suti ya mazoezi na chupa ya maji moto, akikohoa kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi. Ndiye mkuu wa matangazo, na sauti iliyosimulia filamu ilikuwa yake. Mchoraji alikuwepo, Mama Usafi akasimama mlangoni na ndoo.

"Kaa, mzee," Darubini alisema. "Jana ulikuja kufanya nini humu?"

"Kusikiliza sauti yangu kama imekaa vizuri."

"Ilikaa?"

"Barabara kabisa."

Darubini akamgeukia mpwa wake. "Mwanangu, rudisha mwendo kumi na mbili. Halafu cheza."

Filamu ikaenda mbio. Sekunde ya ishirini na moja picha zikaisha na ukuta ukawa mweusi. Lakini sauti nzito, tamu, ikaendelea peke yake gizani, ikitaja jina kamili la Msimulizi, cheo chake, na tuzo yake ya usimulizi bora.

Hakuna aliyecheka, ingawa Mchoraji ilibidi aangalie dirishani.

"Mtu mwingine yeyote angeliacha jina lako likatike," Darubini alisema. "Wewe ulipunguza mwendo ili lienee. Picha ziko wapi?"

Msimulizi alikunywa maji. Akakohoa. Kisha akatoa flashi mfukoni, akaiweka mezani taratibu.

"Sikuzifuta," alisema. "Mkono ulikataa."

"Lakini watoto wangelala bondeni," Mtakwimu alisema, "na moshi ukilala nao."

"Nilijiambia watajenga kilimani tu, filamu au bila filamu." Alishindwa kumtazama. "Miaka miwili nawaamsha watu saa kumi, nawaambia vuteni pumzi ndefu. Picha zako zinasema nimewavutisha moshi. Ningeficha wapi uso?"

Picha zikarudi mahali pake dakika tatu tu baadaye. Saa nne kamili kamati ikaketi. Moshi ukashuka bondeni alfajiri ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kufikia ya nne mwenyekiti alikuwa ameshakunja ramani ya bondeni. Bweni likapewa kilima, mikono yote juu. Mtakwimu alitoka akitembea kama aliyebebwa. Darubini alimwomba Mama Usafi samahani kwa sauti ile ile aliyomshtakia, na milango mitatu ikafunguka tena.

Msimulizi alikuwa bado kwenye korido.

"Mmeshinda, sawa," alisema. "Lakini wale watu thelathini waliniamini. Nikisimama kesho niwaambie nilikosea, twendeni kilimani, nani atanifuata?"

Mama Usafi aliinua ndoo yake.

"Tuliokufuata kwenye moshi, baba, tutashindwa kukufuata kwenye hewa?"